Ustadi wa Wamunyu
Watu wengi hudhani kwamba wachongaji wa Wamunyu, katika Machakos, walijaaliwa kipaji tangu matumboni mwa mama zao, na kwamba yule ambaye vinyago vyake vyauzika Mombasa hana ila bahati; lakini historia yashuhudia vinginevyo. Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji Tanganyika zama za Vita Vikuu vya Kwanza, alirejea kwao Wamunyu na elimu ya mafundi wa ugenini, akawarithisha jamaa zake. Tezo haina muhali: gogo la mpingo likipasuka kwa pigo moja la pupa, bahati hailiungi. Enyi vijana mnaotumainia kamari za simu (nanyi ni wengi, wallahi), nendeni mkashike tezo mbele ya fundi, mwaka baada ya mwaka, hata mkono uitii akili.