Vasektomi: Dakika 30 za daktari, miezi mitatu ya subira

Mfanyabiashara anayevusha vitunguu kutoka Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga, au nguo kutoka Kampala hadi Kigali, huhesabu kila siku anayokaa bila kazi. Kwa mwanamume wa kazi hiyo aliyekubaliana na mkewe kwamba watoto walionao wanatosha, vasektomi nayo inahitaji hesabu. Wengi huhesabu siku ya upasuaji na kusahau miezi inayofuata.

Katika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, njia hii hutumiwa na chini ya asilimia 1 ya wanandoa. Mzigo wa uzazi wa mpango umebaki kwa wanawake, kwa sindano, vipandikizi na vidonge. Juhudi za kubadili hali hiyo zipo. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Siku ya Vasektomi Duniani mwaka 2016, na Rwanda imewafundisha madaktari wa hospitali za wilaya kuifanya.

Kikwazo kikubwa ni dhana kwamba kufunga mirija ni kuhasiwa. Sivyo. Daktari haondoi korodani. Hukata na kuziba mirija miwili inayopitisha mbegu. Homoni za kiume huendelea kutengenezwa, nguvu za kiume hubaki, na shahawa hutoka kama kawaida, kwa kuwa mbegu ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo.

Kabla ya upasuaji kuna ushauri nasaha na fomu ya ridhaa. Hapa ndipo penye uamuzi mzito, kwa sababu njia hii ni ya kudumu. Kuunganisha mirija upya ni upasuaji mgumu na wa gharama, na hauna uhakika wa kurudisha uzazi. Anayewaza kwamba huenda akataka mtoto mwingine baadaye achague njia nyingine. Mteja pia amweleze daktari dawa anazotumia, hasa aspirini na dawa nyingine zinazozuia damu kuganda.

Siku yenyewe mteja huoga, huvaa chupi inayobana na kuja na mtu wa kumrudisha nyumbani. Hupigwa ganzi pale pale panapohusika, akiwa macho. Kwa njia isiyotumia kisu, iliyobuniwa China katika miaka ya 1970, daktari hutoboa tundu dogo, na kwa kawaida kazi huisha ndani ya dakika 30. Mteja huweza kuhisi kuvutwa, lakini hapaswi kusikia maumivu makali.

Baada ya hapo ni kupumzika siku mbili na kuweka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa. Kupakia na kupakua mizigo kusubiri wiki moja, na tendo la ndoa vivyo hivyo. Uvimbe mdogo na michubuko ni kawaida. Homa, usaha, damu isiyokoma au uvimbe unaozidi kukua ni sababu ya kurudi hospitali mara moja. Wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu.

Kosa kubwa hutokea baada ya kidonda kupona. Mbegu zilizokwisha kupita mahali palipokatwa hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wanandoa lazima watumie kondomu au njia nyingine kwa miezi mitatu, kisha shahawa ipimwe. Anayerudi barabarani bila kipimo hicho anaweza kukuta mkewe ni mjamzito. Hapo shutuma za uzinzi huanza, ilhali mimba ni yake mwenyewe.

Kwa hiyo kituo kilicho karibu na nyumbani kinamfaa msafiri kuliko cha mji wa mpakani anakopita tu, kwani atahitaji kurudi. Ni vyema pia achague msimu ambao biashara imepoa na atunze karatasi za hospitali, ili daktari wa nchi nyingine ajue kilichofanyika endapo tatizo litamkuta safarini.

Jambo moja haliishi hata baada ya kipimo. Vasektomi huzuia mimba tu, haizuii Virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kwa mtu anayelala leo Busia na kesho Mutukula, kondomu bado ina kazi yake.