Likizo ya Ng'ambo: Mlango Ukifunguliwa, Usiingie kwa Deni

Ndugu wasomaji, miongoni mwa barua zilizofika mezani petu juma hili imo moja ya mama mmoja, mke wa koplo wa polisi, ambayo yafaa ijibiwe mbele ya wote, maana jambo aliulizalo linazihusu nyumba nyingi za kambini. Mama huyu aeleza kwamba yeye na mumewe waliwaahidi watoto wao wawili safari ya siku kumi huko Dubai, ambako dada yake mama anafanya kazi. Safari hiyo ilivunjika mwaka 2021 kwa sababu ya Korona. Sasa njia zi wazi, na mumewe ataka kuchukua mkopo katika chama cha akiba ili waondoke likizo ya Desemba. Mama auliza: Je, tukope twende, au tungoje?

Kabla ya kumjibu, natukumbushane yaliyopita. Uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa kwa abiria mwezi Machi 2020, ukafunguliwa tena tarehe 1 Oktoba mwaka ule ule. Watu wengi walidhani kwamba mambo yamekwisha. Kumbe sivyo. Tarehe 11 Juni 2021 Falme za Kiarabu zilizuia abiria watokao Uganda, na tarehe 30 mwezi huo huo Uingereza ikaitia nchi yetu katika orodha yake nyekundu. Mwezi Agosti Falme za Kiarabu zilianza kulegeza masharti, zikianza na wakazi wao waliokwisha chanjwa. Uingereza nayo ilitutoa katika orodha tarehe 11 Oktoba. Haukupita muda, mwezi Novemba kikazuka kirusi cha Omikroni, na nchi kadhaa za kusini mwa Afrika zikafungiwa milango upya. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, yaani zaidi ya miaka mitatu tangu ilipotangazwa.

Katika habari hiyo limo funzo moja kubwa kwa mwenye kupanga safari. Vizuizi havikuondolewa siku moja, wala kwa watu wote. Kila serikali ilifungua mlango wake kwa wakati wake, na aghalabu ilianza na raia wake, kisha wakazi, kisha wageni wenye kazi maalumu. Mtalii alikuwa nyuma kabisa ya mstari wa kuingia, na mambo yalipochafuka tena alikuwa wa kwanza kuzuiwa. Tena maradhi hayakuisha duniani. Ebola ilitupata mwezi Septemba 2022, na mwezi uliofuata Marekani ikaagiza abiria wote waliotoka Uganda wapitie viwanja vitano tu vya ndege ili wapimwe. Ikaturudia Januari 2025. Majirani zetu wa Rwanda walipambana na Marburg mwishoni mwa 2024. Basi hata leo, mwenye kupanga safari ya mbali apange kama mtu ajuaye kwamba mlango waweza kufungwa.

Wala nisifahamike vibaya kwamba hamu ya familia hii ni anasa. Amri ya kutotoka nje usiku ilidumu tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na waliokuwa barabarani kuisimamia ni waume na wake wa kambini. Raia walipofungiwa nyumbani pamoja na watoto wao, askari alikuwa zamu. Watoto hao wanastahili siku kumi za kukaa na baba yao. Lakini wanastahili pia chakula na karo baada ya siku hizo kumi.

Kwa hiyo jibu langu, mama, ni hili: msikope. Mkopo wa kununua shamba au kujenga nyumba huacha kitu mkononi. Mkopo wa likizo, safari ikivunjika, huacha makato ya mshahara peke yake. Mwaka 2020 mashirika mengi ya ndege yalikataa kurudisha fedha taslimu, yakawapa wateja hati za kusafiria siku nyingine. Hati hiyo chama cha akiba hakiipokei. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga.

Badala ya kukopa, fuateni utaratibu huu hatua kwa hatua.

Kwanza ni ruhusa. Baba aipate likizo yake kwa maandishi, pamoja na idhini ya kutoka nchini. Na kwa kuwa askari huweza kuitwa kazini wakati wowote, nunueni tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe, hata ikizidi bei kidogo.

Pili ni paspoti. Zile za zamani zilikoma kutumika mwezi Aprili 2022, na sasa zatumika za Afrika ya Mashariki za kielektroniki. Kila mtoto awe na yake, na kila moja ibakiwe na uhai wa miezi sita au zaidi siku ya kuingia ugenini.

Tatu ni cheti cha homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kilitolewa zamani. Basi pekueni sanduku kabla ya kulipia kipya.

Nne ni viza. Ipatikane kwanza, ndipo tiketi ilipiwe.

Tano ni bima. Someni mkataba mpaka mwisho, na muulize kama walipa safari ikivunjwa na maradhi ya mlipuko au na amri ya serikali, kwani mikataba mingi huyatenga mambo hayo.

Sita ni fedha. Zigawanywe mafungu matatu: la safari, la karo na chakula cha Februari, na la dharura endapo mtakwama ugenini siku kumi zaidi. Fungu la kwanza likipungua, yale mawili yasiguswe. Ngojeni.

Na kungoja si lazima kuwe kukaa bure. Tangu mwaka 2014 Mganda mwenye kitambulisho cha taifa huvuka kwenda Kenya bila paspoti, na basi la Mombasa ni rahisi kuliko ndege. Hati za watoto ziulizwe mapema katika ofisi ya uhamiaji. Bahari wataiona, na baba yao watakuwa naye.

Mama, barua hii msomeeni mzee jioni moja akiwa hana zamu, kisha mkae na daftari la mapato muandike mafungu yale matatu. Watoto nao waambiwe ukweli, kwamba Dubai haikufutwa, bali yawekewa akiba.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiliwe na dumuzi. Hadi hapo, kwaherini.