Ziara ya Sahani na Picha

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakunena hivyo kwa uchoyo. Jembe ndilo mlango wa nyumba: aliyelishika huujua udongo wa mwenyeji, jina la mvua yake, na sababu ya wimbo uimbwao shambani. Asiyelishika hurudi kwao na habari za mezani tu.

Ziara za wanafunzi kwenda Japani, zinazouzwa na mawakala wa nchi nyingi kwa ahadi ya utamaduni, chakula na historia, hukoma kabla ya siku hiyo ya tatu. Kijana huvishwa kimono ya kukodi, hulishwa wali na samaki mbichi, husimamishwa mbele ya hekalu la Kyoto apigwe picha, kisha huambiwa kwamba ameijua Japani. Hakika amejitazama mwenyewe akiwa ndani ya nguo za watu. Hiyo ni karamu, na karamu haina kosa, ila isiitwe elimu.

Wajapani wenyewe hawakuja Tanzania kwa namna hiyo. Tangu mwaka 1967 vijana wao wa kujitolea wamekuwa wakija kukaa miaka miwili, wakifundisha hesabu au kuhudumia kilimo, na wakisema Kiswahili na majirani. Huko Osaka, Kiswahili ni somo la chuo kikuu. Hao walilishika jembe.

Na achukuliwe basi mwanafunzi wa Njombe. Apande basi hadi Makambako, panapokutana reli ya TAZARA, barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na ile iendayo Njombe na Songea. Ateremke pwani, kisha apande ndege. Wapo watakaouliza mtoto wa nyanda za juu ana nini na Japani. Ana mengi kuliko mtoto wa Unguja: ana chai, ana mwanzi, ana baridi. Kumpeleka si kosa. Kosa ni kumpeleka bila kumwambia kwamba anakwenda kuyatazama ya kwao.

Ataonyeshwa mashamba ya chai ya Uji, karibu na Kyoto, na mmea ataujua kabla mwongozaji hajafungua kinywa, kwa kuwa ndio uleule wa Kibena, Luponde na Lupembe. Jani la Uji hupigwa mvuke mara baada ya kuchumwa ili libaki kijani. Sehemu kubwa ya chai ya Njombe hunyaushwa, husagwa na kuachwa igeuke rangi kabla ya kukaushwa. Tofauti hiyo ni ya kiwandani. Tofauti kubwa ni kwamba kule jani limezaa adabu, usanifu wa nyumba, ufinyanzi na ushairi, na huku limezaa gunia na ujira wa mchumaji.

Atasema mpinzani kwamba chai ya Njombe ni mmea wa mkoloni, haina haki ya kuitwa utamaduni. Hoja hii haisimami. Japani nayo iliipata chai kutoka Uchina. Mtawa Eisai alirudi na mbegu zake mwaka 1191. Sen no Rikyu, aliyeipa sherehe ya chai sura inayoheshimiwa hadi leo, alifariki mwaka 1591. Ni miaka mia nne kamili kati ya mbegu ile na kifo cha bingwa huyu. Kitu huwa cha watu kwa namna wanavyokitendea, wala si kwa mahali kilipotoka. Hata kanga, ambayo hakuna Mswahili atakayekubali kuitwa mgeni kwayo, katikati ya karne ya 20 ilichapwa kwa wingi huko Japani.

Mwanzi nao una kesi kama hiyo. Wajapani huuchonga kipande kimoja ukawa mchapo wa kukorogea chai, nao wakauenzi ufundi huo. Njombe mwanzi mchanga hukatwa ncha wakati wa mvua, ukakingiwa maji yake, yakawa ulanzi. Msomaji asiyegusa kilevi hahitaji kuunywa ili akiri kwamba kuna elimu ndani yake: elimu ya msimu, ya kisu, ya kujua mche upi ukatwe na upi uachwe. Mwaka 2013 UNESCO ilipoyaingiza mapishi ya Japani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, haikuorodhesha sahani ya samaki. Iliorodhesha desturi: heshima kwa majira, na watu wanavyokusanyika kula, hasa siku za mwaka mpya. Mwanafunzi anayekwenda kuonja asijue hilo ameonja bure.

Na hapa lawama haimwangukii wakala wa safari peke yake. Inavifikia visiwa. Haiku, shairi fupi kuliko yote ya Japani, ina mizani 17, yaani imeuzidi mshororo mmoja wa shairi la Kiswahili kwa mizani moja tu. Katika ufinyu huo desturi inadai neno moja la majira: theluji, chura, mwezi wa masika. Wamevitunga vitabu vizima vya kuyapanga maneno hayo. Basho, mwaka 1689, alitembea kwa miguu takriban miezi mitano kuelekea kaskazini ya nchi yake, akitunga kwa alichokikanyaga.

Diwani za pwani zimejaa jahazi, lulu, kusi na kaskazi. Ni haki ya waliozitunga, maana waliimba walichokiona. Lakini mtoto wa Njombe anapoaminishwa kwamba huo peke yake ndio ushairi, hutunga bahari asiyopata kuiona na kuiacha jalidi, ule umande ulioganda unaounguza viazi vya mama yake mwezi wa Juni na Julai. Neno jalidi limo kamusini, linangoja beti. Mwalimu anayempa alama kwa lulu ya kuazima na kumkosoa kwa ukungu wa kwao anamvisha naye kimono ya kukodi. Kiswahili ni cha huko pia. Nacho hakitakua kwa kupandisha minazi mlimani.

Historia ndiyo hupotezwa zaidi. Wanafunzi wa Japani hupelekwa Hiroshima, wakasikiliza ushuhuda wa mlipuko wa tarehe 6 Agosti 1945, wakatundika korongo wa karatasi kumkumbuka Sadako Sasaki, aliyefariki mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 12. Taifa linawapeleka watoto wake kwenye jeraha lake. Mgeni kutoka Njombe atalia hapo, na ni vyema alie. Je, amewahi kupelekwa Yakobi, ambako Septemba 1905 watu wa Mbeyela, mtawala wa Wabena, walikishambulia kituo cha misheni katika vita vya Maji Maji? Amefika Songea, walikonyongwa mashujaa zaidi ya 60 tarehe 27 Februari 1906? Njia ni ileile ipitayo Makambako na Njombe.

Wala si kwamba Tanzania haijui kufanya ziara. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakawasikiliza wazee waliovikumbuka vita hivyo, wakaandika. Hawakurudi na picha za sahani. Walirudi na maneno ambayo pasipo wao yangezikwa na wasemaji.

Basi na iende ziara ya Japani, lakini iwekewe sharti. Kabla ya pasipoti, kijana awe amekaa na mchumaji wa Luponde tangu alfajiri hadi mizani ya jioni. Awe ameiuliza Yakobi kilichotokea. Awe ametunga beti moja ya baridi ya kwao isiyoazima hata nazi moja kutoka pwani. Atakayefika Kyoto na mzigo huo atakuwa na la kumpa mwenyeji, na mwenyeji atampa jembe. Atakayefika mikono mitupu atapewa kimono, na jioni atairudisha.