Picha za Miti katika Siku za Mawingu

Mwezi wa Julai unapoingia, watu wa Riruta hufunga vifungo vya makoti yao. Mawingu hutanda tangu alfajiri, na mara nyingi jua halionekani mpaka alasiri. Wakikuyu huuita msimu huu gathano. Kamera nyingi hubaki kabatini, kwa kuwa wenyewe hudhani kwamba bila jua hakuna picha. Huenda hilo likawa kweli kwa harusi, lakini kwa miti si kweli hata kidogo.

Nairobi i karibu na mstari wa ikweta. Jua la adhuhuri huwa juu sana, likimulika majani ya kileleni na kuliacha shina gizani. Filimu haiwezi kushika weupe ule na weusi ule kwa pamoja. Basi majani hutoka kama chokaa, na shina kama makaa. Mawingu, kwa upande wao, huutandaza mwanga pande zote, mfano wa kitambaa cheupe kilichofunika taa. Hapo ndipo gome huonekana: ulaini wa mugumo, mifereji ya mukima, na maganda ya mkaratusi yanayobanduka. Likiwa limelowa manyunyu, weusi wake huzidi na picha hupata nguvu. Rangi katika siku kama hiyo huwa hafifu, kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe haipungukiwi na kitu.

Mambo matatu yafaa kuangaliwa. Kwanza, mbingu ya mawingu ni nyeupe mno, nayo hukidanganya kipimo cha kamera, hata mti ukatoka mweusi mtupu. Kipimo kikitaka sehemu 1 ya 60 ya sekunde, mpiga picha na atumie sehemu 1 ya 30, au asimame mahali ambapo mbingu haiingii sana. Pili, mwanga ukiwa mdogo kamera hukaa wazi muda mrefu zaidi, na mkono hutetemeka. Hana budi kuiegemeza juu ya miguu mitatu au nguzo ya ua, na upepo ukivuma angoje majani yatulie. Tatu, kioo cha manjano, ambacho hutia weusi mbingu ya samawati, hakina kazi kubwa chini ya mawingu. Mwenye simu ya mkononi naye aguse shina kwenye kioo ili mwanga upimwe hapo, kisha aondoe rangi.

Lakini iko sababu iliyo kubwa kuliko uzuri. Riruta na Kawangware palikuwa mashamba. Leo nyumba zimesongamana, na mti wa miaka mingi huangushwa kwa asubuhi moja. Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 2006 habari za mugumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe, Nyeri. Aliporudi baadaye alikuta mwenye shamba ameukata ili apande chai, na kijito kilichokuwa hapo kimekauka. Leo msomaji huujua mti ule kwa maneno yake. Mugumo wa Waiyaki Way, huko Westlands, ulikuwa na bahati zaidi. Ulikuwa katika hatari ya kung'olewa kwa ajili ya barabara mpya, watu wakapaza sauti, na mwezi Novemba 2020 ukaokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta.

Si kila mti utapata amri ya Rais. Mugumo wa mpakani mwa shamba, au muringa unaowapa kivuli wauza mboga, huenda usipate hata mtu wa kuuaga. Picha haizuii shoka, lakini humwonyesha mjukuu mahali kivuli kilipokuwa, na pengine humfanya mwenye shoka atazame mara ya pili. Akiba haiozi. Basi mwenye kamera asingoje jua.