Chini ya Kanisa la Wareno Tulikuwapo Sisi

Yako maneno mawili tunayoyatamka kila siku bila kuyafikiri. La kwanza ni Kariakoo. La pili ni gereza. Yote mawili tumeachiwa na wageni, na yote mawili yafaa kuchimbuliwa.

Mwaka 2017 tulivuka kwenda Unguja, tukaingia Ngome Kongwe pale Forodhani. Tulikuta uwanja umechimbwa mashimo ya pembe nne, na wataalamu, wenyeji na wageni, wamo ndani wakikwangua udongo kidogo kidogo. Hapo Wareno walijenga kanisa karibu na mwaka 1600. Waarabu wa Oman, baada ya kuwang'oa Wareno Mombasa mwaka 1698, wakajenga ngome mahali hapo hapo. Baadaye ngome ikafungiwa watu. Kwa Kireno kanisa ni igreja, na wataalamu wa lugha husema ndiko lilikotoka neno gereza. Nyumba ya sala ikawa boma, boma likawa jela, na jina likabaki vinywani mwetu.

Wako waliouliza: "Magofu ya kanisa la Wareno yatuhusu nini sisi?" Swali hilo lajibiwa na shimo lenyewe. Juu ni ngome ya Waomani; chini yake ni kanisa la Wareno; na chini ya kanisa zimo athari za makazi ya Waswahili tangu karne ya 11. Karne tano hivi kabla ya kanisa, wenyeji walikuwa wakiishi hapo. Anayedai kwamba historia ya pwani yetu ilianza na merikebu za Vasco da Gama mwaka 1498, na aje achungulie.

Tulirudi Dar es Salaam na fikira hiyo. Kariakoo imepata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliouteka mji huu mwaka 1916. Jina ni la Kiingereza, lakini migongo iliyobeba mizigo ilikuwa yetu, na maelfu hawakurudi makwao. Na ni katika mitaa hii hii TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Leo nyumba za zamani zavunjwa, misingi ya maghorofa yachimbwa, wala hakuna anayeuliza chini yake palikuwa na nini.

Sisi twasema hivi. Kwanza, panapochimbwa magofu wananchi waruhusiwe kutazama kazi ikiendelea, wasingojeshwe hata mashimo yafukiwe. Pili, habari zitolewe kwa Kiswahili. Taarifa iliyochapwa ng'ambo kwa Kiingereza haimfikii muuza nazi wa sokoni, naye ndiye mwenye mali. Tatu, na sisi tuwe na adabu. Mtu asiokote kigae akakitia mfukoni, maana kigae kilichoondolewa mahali pake hakitoi ushahidi tena.

Matawi yetu yapange safari, wazee kwa vijana. Kutoka bandarini petu hadi Unguja ni mwendo wa saa mbili hivi kwa boti. Asiyejua amesimama juu ya nini huambiwa na mwingine, na sisi hatukudai Uhuru ili tuendelee kuambiwa.