Sakafu Iliyoungua

Asubuhi ya tarehe 23 Desemba 1991, katika mji wa Corsicana, jimbo la Texas, Marekani, nyumba ya mbao ya Cameron Todd Willingham iliwaka moto. Mama alikuwa ametoka kununua zawadi za Krismasi. Baba aliokoka, binti zao watatu, mmoja wa miaka miwili na pacha wa mwaka mmoja, walifia ndani.

Wapelelezi waliona sakafu imeungua mabakamabaka, mfano wa dimbwi, na vioo vimejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kwa ujuzi waliorithi kazini, hiyo ilikuwa na maana moja: mtu amemwaga mafuta akawasha. Mwaka 1992 baba yule akahukumiwa kifo.

Lakini na itazamwe tabia ya moto wenyewe. Kochi likishika moto chumbani, moshi wenye joto kali hupanda na kutanda chini ya dari. Tabaka hilo huongezeka unene likazidi kushuka, na joto lake huchoma vilivyo chini bila kuvigusa, kama jiko la makaa linavyomchoma uso aliyeketi kando yake. Likifikia kadiri ya nyuzi 600 za Selsiasi, godoro, pazia, zulia na mbao hutoa mvuke unaowaka, na chumba kizima hushika moto kwa mkupuo. Baada ya hapo sakafu huweza kuungua mabaka yaleyale pasipo tone la petroli.

Jambo hilo lilijaribiwa mwaka 1991 huko Jacksonville, Florida, baada ya moto ulioua watu sita mwaka uliotangulia. Wataalamu walichoma kwa makusudi nyumba jirani iliyofanana na ile, wakianzia kwenye kochi. Haikupita dakika tano, chumba chote kikawaka. Mshtakiwa akafutiwa mashtaka. Na nyufa za vioo? Hutokea kioo chenye joto kinapomwagiwa maji ya zimamoto.

Willingham hakubahatika hivyo. Mtaalamu Gerald Hurst aliwaandikia wakuu wa Texas kwamba ushahidi wa moto ule haukuwa na nguvu, lakini tarehe 17 Februari 2004 hukumu ilitekelezwa kwa sindano ya sumu. Mwaka 2009 Craig Beyler, aliyepewa kazi na tume ya jimbo hilohilo, alisema vivyo hivyo. Ilikuwa miaka mitano baadaye.

Askari anayelinda nyumba iliyoungua asiruhusu kufagiwa. Vipande vya sakafu vitiwe katika makopo safi yenye kufungwa barabara, pamoja na kipande cha mahali pasiposhukiwa, ili maabara ipate cha kulinganisha. Tena jamaa waulizwe ni mafuta gani yaliyowekwa pale siku zote. Huko Corsicana ni kipande kimoja tu kilichoonekana kuwa na mafuta, nacho kilitoka kizingiti cha mlango wa mbele. Barazani hapo familia ilikuwa na jiko la makaa la kuchomea nyama.