Mtoto Anaposoma “Bi-te”

Mtoto wa kidato cha kwanza hapa Suguti akilisoma neno la Kiingereza bite kama “bi-te”, wenzake humcheka. Jamani, si mjinga! Katika Kiswahili kila irabu husomwa, tena kwa sauti ileile: da-wa, si-nda-no. Amefuata alichofundishwa.

Tuketi naye jioni tukichambua dagaa. Tumwandikie bit, asome “bit”. Kisha tuongeze e mwishoni: yenyewe haitamkwi, ila huigeuza i kuwa “ai”, basi ni “bait”. Vivyo hivyo tap, yaani bomba, huwa tape, utepe, “teip”. Tusimkaripie mbele ya wadogo zake. Akiona aibu ataacha kusoma kwa sauti, na masomo karibu yote ya sekondari yamo katika lugha hiyo. Give na have hukaidi kanuni. Hayo ayakariri tu.